Kizibao cha Mkia

Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Shangazi hutoka uani na kuizunguka pikipiki yake mpaka nyuma. Hufuta umande kwenye siti kwa kiganja, hubonyeza sponji mara moja kama daktari anayepima tumbo, kisha hurudi hatua chache na kuitazama. Haitazami mbele, penye taa na vioo. Huitazama nyuma. Akiulizwa, husema kwamba mbele kila kitu kimejipamba. Ukitaka kukijua, kiangalie kinapoondoka.

Binti wa kaka yake, aliyekuja kukaa naye wakati wa likizo ya chuo, aliizoea tabia hiyo hata akawa anaisikia bila kuiona. Mlango wa uani ulilia, kikapita kimya, kofi jepesi likatua juu ya siti, mlango ukalia tena. Hapo Binti alijua ni wakati wa kufunga kitabu na kupanga vikombe.

Shangazi ni fundi wa siti. Karakana yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye cherehani nzito karibu na dirisha, marobota ya sponji yaliyosimama kwenye kona kama wageni waliokosa pa kukaa, na vipande vya ngozi bandia vilivyoning'inia ukutani, vyeusi, vya kahawia, vya damu ya mzee. Harufu ya gundi imeingia mpaka kwenye mapazia. Watu humletea siti zilizochanika, zilizobonyea, hata zilizotafunwa na panya, naye huzivua ngozi, huzijaza, huzivika upya. Wateja humwita Bi Siti. Majina yao hayamkai kichwani, ila makalio yao hayasahau. Akigeuza siti juu ya meza husema huyu anaegemea kushoto, huyu ana mawazo mengi, tazama anavyokaa ukingoni. Ilikuwa kazi kwa Binti kutocheka, na kazi kubwa zaidi kukaa kwenye kiti chochote mbele ya shangazi yake.

Mwanzoni mwa juma lile walishona siti ya Muuguzi, mama mmoja wa zamu za usiku mwenye mgongo unaomsumbua. Shangazi aliiinua kwa nyuma, akaivika ngozi ya damu ya mzee, kisha akashuka katikati yake na mshono mweupe wenye miiba pande zote mbili, kama mfupa wa samaki. Binti alikaa karibu akiupitisha uzi kwenye nta, vidole vikimteleza. Kazi ilipokwisha, Shangazi aliisimamisha siti kwenye dirisha, akarudi nyuma, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii," alisema, "nitaijua hata ikipita kwenye ndoto."

Muuguzi alikuwa mmoja wa kundi la Shangazi la pikipiki. Kundi lenyewe halina jina wala fulana za sare. Ni watu wa kazi zao, dereva wa basi la shule, fundi umeme, wauza vipuri, ambao mara moja moja, siku ya mapumziko, huamka mapema, hupanda milima yenye misitu iliyo nyuma ya mji wao na kushuka upande wa pili mpaka baharini, kisha hurudi kabla giza halijaingia. Anayewaongoza ni mwoka mikate wanayemwita Breki, kwa sababu hukanyaga breki hata akiwa anapanda mlima.

Sheria yao ni moja: hakuna anayepotea. Kila wanapofika njia panda, Breki humnyooshea kidole anayemfuata. Huyo husimama hapo hapo na kuwaelekeza wenzake mpaka amwone mtu wa mwisho. Mtu wa mwisho ndiye mkia, na mkia huvaa kizibao cha njano. Ukikiona kizibao kinakuja, unawasha na kutangulia mbele yake. Kama hujakiona, huondoki, hata mvua inyeshe mawe.

Tangu kundi lilipoanza, mkia alikuwa Shangazi. Ni yeye aliyebeba pampu, viraka na bisibisi. Ni yeye aliyesimama kila aliposimama mwenye shida. Walimtania kwamba kazi ya mkia ni kufukuza nzi, naye aliwajibu kwamba ng'ombe hajui thamani ya mkia wake mpaka ukatike. Alikuwa na furaha yake huko nyuma ambayo wenzake hawakuijua. Siti zote zilizomtangulia alizishona yeye, na katika kila safari kazi ya mikono yake ilipita msituni mbele ya macho yake, moja baada ya nyingine.

Lakini miaka ya kuvuta ngozi na kuchoma sindano ilikuwa imemla kiwiko na kifundo cha mkono wa kulia. Katika safari iliyopita mtu aliangukia mtaroni, na Shangazi alishindwa kumnyanyulia pikipiki. Walikaa hapo mpaka lori likapita. Siku chache baadaye Breki alikuja karakanani na mkate wa moto chini ya kwapa. Alizungumzia mvua, akazungumzia bei ya unga, akazunguka mbuyu mpaka Shangazi mwenyewe akamwambia, kaka, sema. Ndipo akasema. Walikuwa wanafikiri kumjaribu Fundi Umeme. Bado kijana, ana mgongo wa kunyanyua. Safari hii avae yeye kizibao. Wote wakifika salama, kiwe chake. Mambo yakiharibika, basi, kirudi kwa mwenyewe.

Shangazi alijibu neno moja tu, sawa. Jioni hiyo alishona kipande cha ngozi nje ndani, akakifumua, akakishona tena nje ndani.

Hakulalamika. Alikifua kizibao, akakipiga pasi kwa kitambaa juu yake kisiyeyuke, akakikunja. Lakini msumari kilipokuwa kikitundikwa, karibu na mlango, aliuacha mtupu. Binti alipotaka kutundika mwavuli wake hapo, Shangazi aliuondoa na kuuegemeza ukutani. Binti akaelewa. Msumari ulikuwa unamsubiri mwenyewe.

Siku ya safari Binti alipanda nyuma ya shangazi yake kwa mara ya kwanza. Wale wa kundi walimpokea vizuri, wakamwuliza anasomea nini, na kwa kuwa alijibu kwa sauti isiyoweza kumwogopesha hata sisimizi, kabla hawajawasha injini walikwisha kumpa jina la Kimya. Shangazi alimkabidhi Fundi Umeme kizibao mkononi, akamwonyesha pampu na viraka vilipo. Fundi Umeme alikipokea kwa mikono miwili.

"Bi Siti, nitakitunza kama yai."

"Yai halivaliwi," Shangazi alisema. "Kivae, na kaa nacho."

Wakaondoka. Mji uliwaachia polepole, kwanza maghala, halafu bustani za mboga, halafu nyumba moja moja zenye moshi wa asubuhi, kisha barabara ikaanza kupanda na miti ikaja karibu. Mikaratusi ilisimama mirefu na myeupe pande zote mbili. Mwanga ulipita katikati yake vipande vipande, ukawapita mabegani na kwenye magoti, joto, baridi, joto, baridi, mpaka Binti akahisi kama mtu anayepitiwa na usingizi akiwa macho. Walikubaliana kwamba akitaka kusimama ampige shangazi yake begani mara mbili. Hakutaka kusimama. Alitaka barabara ile isiishe.

Shangazi aliwekwa mbele siku hiyo, karibu na Breki, labda kwa heshima, labda kwa kufarijiwa. Mwanzoni hakutulia. Macho yake hayakutoka kwenye vioo vya pembeni, na kwenye kona aligeuza shingo kama mama aliyeacha mtoto jikoni. Lakini kila njia panda ilimchukua mmoja. Ya kwanza ilimbakiza dereva wa basi la shule, akiwa amesimama na mkono umenyooka kama kibao cha barabarani. Ya pili ikambakiza muuza vipuri. Baada ya hapo mbele yao alibaki Breki peke yake, na walipoingia kwenye ukungu wa juu, Breki naye akayeyuka, kikabaki kinukta chekundu cha taa yake kilichowaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika.

Hapo juu msitu ulibadilika. Miti ilivaa ndevu za kijani, maji yalidondoka bila mvua, na mianzi iliinamia barabara mpaka ikawa kama wanapita ndani ya koo la kitu kilicholala. Sauti ya injini ilirudi kwao kutoka pande zote, laini, kana kwamba kuna kundi jingine linalosafiri sambamba nao ndani ya miti. Binti aliona mabega ya shangazi yake yakishuka. Shingo iliacha kugeuka. Shangazi alikuwa anatazama mbele, mahali ambapo barabara ilizaliwa hatua chache tu kutoka kwenye tairi lake, nyeusi, yenye kung'aa, haina alama ya mtu.

Njia panda ya mwisho ilikuwa kileleni. Kulia ni barabara ya kushukia baharini. Kushoto ni njia ya wakata mbao, ya udongo mwekundu, inayokwenda kuishia kwenye korongo ambako daraja lilibomoka. Hapakuwa na kibao. Breki alinyoosha kidole kuelekea kwa Shangazi, kisha akakunja kulia na kupotea.

Walisimama. Hapo ndipo mtu huweza kuwaona wanaokuja kabla hawajafika, kwa kuwa barabara hujikunja chini ya kilele kama mkanda uliotupwa kitandani, na kila anayepanda humpitia aliye juu kwa mgongo kwanza kabla ya kugeuka na kumletea uso. Ukungu ulifunguka na kujifunga. Wenzao walipita mmoja mmoja, mgongo, kisha taa, kisha mkono wa salamu, na Shangazi aliwaonyesha kulia. Kikapita kimya kirefu. Kisha kwenye mkunjo wa chini ikaonekana njano.

Njano ilielea kidogo kwenye weupe, na chini yake kitu chembamba cheupe kikang'aa mara moja na kumezwa. Shangazi alikitazama mpaka kikaisha. Halafu akawasha, akaingiza gia, akakunja kulia.

Binti hajawahi kuendeshwa namna ile. Walishuka kama maji. Barabara ilikuwa yao peke yao, nyuma yao hakuna sauti, mbele yao hakuna mgongo wa mtu, na Shangazi, ambaye maisha yake yote alikwenda mwendo wa anayejali waliochoka, alilala kwenye kona moja na kuinukia kwenye nyingine, akilala, akiinuka. Ndani ya helmeti yake alikuwa anaimba. Binti aliusikia wimbo kifuani mwake, kupitia mgongo alioukumbatia, bila maneno. Kwenye mwanya wa miti ukungu ukapasuka, na chini kabisa, mahali ambapo alitarajia kuona ardhi, kulikuwa na bahari, imeinuka kama ukuta wa buluu uliopakwa jana. Shangazi hakuwahi kuiona hivyo. Siku zote aliikuta imeshazibwa na migongo ya watu.

Kisha wimbo ukakatika. Mwendo ukapungua, ukapungua zaidi, mpaka wakasimama pembeni, kwenye majani marefu. Shangazi alizima injini na kukaa tu, mikono juu ya tanki.

Baada ya muda Muuguzi akatokea nyuma yao, akasimama, akainua kioo cha helmeti. Juu ya koti lake jembamba alikuwa amevaa kizibao cha njano. Alieleza kwa furaha, hajui kitu, kwamba kule juu baridi ilimtetemesha mpaka meno yakagongana, na Fundi Umeme, Mungu ambariki, alimwonea huruma na kumvisha kizibao chake kizuie upepo. Mnyororo wa Fundi Umeme uliruka, akamwambia atangulie, anakuja. Maneno yalipomtoka yote, alijitazama kifuani. Njano ile ilikuwa imewaambia watu wote uongo bila mwenyewe kufungua mdomo.

"Shuka ukamwambie Breki asubiri," Shangazi alisema. "Mimi narudi."

Walirudi juu, wakaingia tena kwenye weupe. Njiani hawakukutana na mtu. Kwenye njia panda hapakuwa na mtu. Kama Fundi Umeme alikwisha kufika hapo, alikuta pamekaa kimya, na kushoto kuna alama mbichi za matairi ya lori, zinazomwita kila aliyepotezwa na ukungu. Simu haikuwa na hata mstari mmoja. Binti alitazama ile njia nyekundu jinsi ilivyoingia kwenye miti na kufutika, akafikiria korongo.

Shangazi hakuifuata. Aliegesha pikipiki katikati ya njia panda, akasimama kando yake. Alisema akimfuata kushoto, na yule kumbe bado yuko chini anahangaika na mnyororo, atakuta tena hapana mtu. Mtu wa njia panda haondoki. Alilisema hilo polepole, kama anayelisoma mahali.

Akapiga honi, wakasikiliza. Honi ilitembea msituni, ikagusa hiki na kile, ikarudi imechoka. Akapiga tena. Matone yalidondoka kwenye majani. Ndege mmoja alijibu, akajutia. Binti alikuwa na baridi, lakini alichokuwa anakihisi zaidi ni vidole vyake, utelezi wa nta, na uzi mweupe unaopita ndani yake urefu wa mchana mzima. Alimwangalia shangazi yake. Lipo jambo lililopanda mpaka kwenye ulimi wake, likakaa hapo. Shangazi alikuwa anapiga honi kwa mkono wake mbovu, na kila alipobonyeza alikunja uso.

Ilikuwa kama ndoto inayojirudia, honi, matone, weupe, honi. Kisha moja ya zile sauti zilizorudi haikuwa yao. Ilikuwa nyembamba zaidi, na ilitoka kushoto.

Fundi Umeme alitokea akisukuma pikipiki, upande mmoja wake mzima umepakwa udongo mwekundu kama ukuta usiomalizika kusiribwa. Aliteleza karibu na korongo, pikipiki ikalala, akaiinua peke yake. Asingesikia honi, alisema, angeendelea mbele, maana alidhani anawafukuzia.

"Nilijua mmenihama, Bi Siti," alisema na kucheka. "Kosa langu. Nani aligawa kizibao kama si mimi?"

"Pole, mwanangu," Shangazi alisema. Akavua skafu yake, akamfuta uso kama mtoto, jicho moja, halafu jingine.

Walishuka watatu kwenye pikipiki mbili, taratibu. Fundi Umeme alimwashiria Shangazi apite mbele, sheria ni sheria. Bahari ilifunguka pale pale ilipofunguka mwanzo, lakini Shangazi hakuinua kichwa.

Kundi liliwasubiri kwenye ukuta wa saruji ulioko juu ya mchanga, viatu wamevua, helmeti zimepangwa kama vyungu. Walipowaona walisimama wote. Muuguzi alilia kidogo, akaomba radhi kwa kila mtu, hata kwa Binti. Fundi Umeme alieleza habari ya korongo kwa mikono na miguu, mpaka dereva wa basi la shule akamwambia atawaandikia wazazi wake barua. Wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa roho juu. Hakuna aliyemlaumu Shangazi. Katika ukungu, walisema, njano ni njano, nani asingedanganyika?

Breki alimvua Muuguzi kizibao, akakikung'uta, akakikunja vizuri, akamletea Shangazi kama mtu anayerudisha sahani ya watu.

"Dada, tumejaribu, tumeona. Mkia ni wako. Mkono tutakusaidia wenyewe."

Wengine walipiga makofi. Binti alifikiria msumari mtupu karibu na mlango, na moyo ukamruka kwa furaha.

Shangazi alikipokea. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono wa bega, alioushona mwenyewe zamani ulipochanika. Kisha akamwendea Fundi Umeme na kumvisha juu ya matope yake.

"Vaa wewe. Na usimvishe mtu mwingine tena. Akisikia baridi, mpe koti."

Kabla Breki hajasema kitu, Shangazi alikwisha kugeuka, amevua viatu, anashuka kuelekea kwenye maji.

Mawimbi yalikuwa madogo, yanakuja na kurudi bila haraka. Jua lilikuwa bado juu, na mchanga ulioloa ulishika mbingu yote, kiasi kwamba Shangazi, kwa nyuma, alionekana kama anatembea juu ya mawingu. Binti alimfuata. Ilimchukua muda kufika ubavuni pake, na muda zaidi kukipata kile kilichokaa kwenye ulimi wake tangu kileleni. Walisimama pamoja, maji yakawafunika vidole, yakawafunua.

"Shangazi, pale njia panda, uliijua ile siti?"

Shangazi aliyatazama maji mpaka yakarudi.

"Niliijua," alisema. "Lakini mbele barabara ilikuwa tupu."